Kitisho cha Bomu Si Siri ya Mkuu wa Idara

Miongoni mwa mambo ambayo watumishi wa umma hatupendi kuyazungumza mpaka siku yatakapotufika, mojawapo ni hili: mtu asiyejulikana anapiga simu ofisini, au anaingiza karatasi chini ya mlango, au anatuma ujumbe, akidai kwamba ndani ya jengo pametegwa bomu. Wengi wetu hulichukulia jambo hilo kuwa ni la miji mikubwa ya ng'ambo. Huonekana halituhusu sisi wa Moshi, ambao kila asubuhi tunakwenda kazini mlima ukitutazama, na hofu yetu kubwa ikiwa ni kuchelewa kutia sahihi kitabu cha mahudhurio. Sisi tunasema kwamba fikra hiyo ni ya hatari, na historia ya nchi yetu na ya jirani zetu inaikanusha.

Tarehe 3 Februari 1969, jijini Dar es Salaam, Ndugu Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, alifungua kifurushi kilicholetwa kwa njia ya posta. Ndani yake mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlitegwa bomu. Alikufa papo hapo. Miaka 13 baadaye, tarehe 17 Agosti 1982, Ndugu Ruth First, mpigania uhuru wa Afrika Kusini, aliuawa kwa namna hiyo hiyo akiwa ofisini kwake mjini Maputo, katika chuo kikuu kilichopewa jina la Mondlane mwenyewe. Wote wawili hawakuuawa mstari wa mbele. Walikutwa na mauti wakifanya kazi ambayo kila karani wa masjala huifanya kila siku ya Mungu, yaani kufungua barua.

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Asubuhi ile, muda ambao katika ofisi nyingi watu hujiandaa kwa chai ya saa nne, magari mawili yaliyosheheni mabomu yalilipuka karibu kwa wakati mmoja katika balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11. Nairobi walikufa watu 213, na maelfu wakajeruhiwa. Wengi wa waliokufa Nairobi hawakuwa Wamarekani wala hawakuwa na shughuli yoyote ubalozini. Walikuwa makarani, wapiga chapa, wapita njia, na wanafunzi wa uhazili waliokuwa darasani katika jengo la Ufundi lililokuwa jirani, ambalo liliporomoka lote.

Na asiyeridhika na habari za Nairobi na Dar es Salaam, na atazame Arusha, ambako ni mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka hapa Moshi. Tarehe 5 Mei 2013, bomu lilitupwa katika kusanyiko la waumini kwenye kanisa la Olasiti, na watu 3 wakapoteza maisha. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Juni, bomu jingine lilitupwa katika mkutano wa kisiasa katika uwanja wa Soweto mjini humo, na watu wakafa. Nani basi anayeweza kusimama leo akasema kwamba mambo haya ni ya wengine?

Hatuandiki haya ili kuwatia watu hofu. Kinyume chake, tunayaandika kwa sababu hofu ndiyo mshirika mkubwa wa mhalifu. Ukweli ni kwamba vitisho vingi vya bomu vinavyoletwa kwa simu au kwa barua huwa ni uongo mtupu. Mara nyingi anayekusudia kuua hapigi simu kwanza, na anayepiga simu mara nyingi hana bomu. Ana chuki, au ana mzaha, au anataka kuahirisha jambo lisilompendeza: mtihani, kesi, mnada, au ukaguzi wa mahesabu. Lakini neno "mara nyingi" si sawa na neno "daima". Karani aliyepokea simu hana njia ya kujua kama hii aliyoipata leo ni moja kati ya zile nyingi za uongo, au ni ile moja ya kweli. Kwa hiyo kila kitisho hakina budi kushughulikiwa kama cha kweli, mpaka wataalamu watakapothibitisha vinginevyo.

Katika kukabiliana na jambo hili watu hukosea kwa namna tatu.

Kosa la kwanza ni la mtu mwenye dharau. Huyu husikia kitisho, akacheka, akaweka simu chini, akaendelea na faili lake. Anaona kumwarifu mwenzake ni kujiaibisha. Mtu wa aina hii anacheza kamari, na dau aliloliweka si maisha yake peke yake, bali ni ya tarishi, ya mpishi wa chai, na ya mwananchi aliyetoka Rombo alfajiri kufuata hati ya kiwanja. Hakuna aliyempa ruhusa ya kuyachezea maisha hayo.

Kosa la pili ni la mtu mwenye kiherehere. Huyu akisikia neno bomu hupiga mayowe, na jengo zima likakimbilia mlango mmoja. Tumeshaona mara nyingi jinsi kukimbia kunavyoua mahali ambapo bomu halikuwepo. Tarehe 12 Aprili 2015, siku 10 tu baada ya wanafunzi na wengine, jumla yao 148, kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, kifaa cha umeme kililipuka karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kikuyu. Wanafunzi walidhani wamevamiwa. Wakakanyagana, wakaruka kutoka ghorofani. Mwanafunzi mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakajeruhiwa, kwa sababu ya hitilafu ya umeme. Huko Lagos, tarehe 27 Januari 2002, ghala la silaha la jeshi la Ikeja lilipolipuka, watu zaidi ya 1,000 walikufa, na sehemu kubwa yao walizama katika mfereji walioutumbukia gizani wakikimbia. Hata hapa kwetu, siku ya milipuko ya ghala la silaha la Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, walikuwamo watoto waliokufa maji wakikimbia kuvuka mto.

Na sisi wa Moshi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa nguvu ya umati uliobanana. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, waumini 20 walikufa kwa kukanyagana wakati umati ulipolikimbilia eneo lililomwagwa mafuta ya upako. Hapakuwa na bomu wala adui. Palikuwa na watu wengi, njia finyu, na haraka. Tukiikumbuka jioni ile kwa majonzi, tuikumbuke pia kwa mafunzo yake: njia za kutokea, na namna watu wanavyozipita, ni jambo la uhai na kifo.

Kosa la tatu halisemwi sana, lakini kwa maoni yetu ndilo lililo karibu zaidi na tabia za ofisi zetu. Ni kosa la kukifanya kitisho kuwa siri ya wakubwa. Simu imepokelewa na katibu muhtasi. Katibu muhtasi anamweleza ofisa utumishi. Ofisa utumishi anasema hawezi kufanya lolote mpaka mkuu wa idara aarifiwe. Mkuu wa idara yuko safarini Dodoma. Msaidizi wake anasema yeye anakaimu kwa mambo ya kawaida tu, na hili si la kawaida. Mmoja anapendekeza liandikwe dokezo. Wakati huo wote wafanyakazi 60 na wananchi waliopanga foleni wanaendelea na shughuli zao bila kujua lolote, hali dakika zinapita. Bomu halisubiri kikao wala halisomi dokezo.

Wako watakaotujibu kwamba siri hiyo ina hekima yake. Watasema kwamba kumwambia kila mtu ni kuzusha taharuki, na kwamba ikiwa kila simu ya mhuni itawatoa watu ofisini, basi wahuni ndio watakaokuwa wanapanga ratiba ya kazi ya Serikali. Hoja hizi zina uzito na hatuwezi kuzipuuza. Mwanafunzi asiyesoma akijua kwamba simu moja inaahirisha mtihani, atapiga simu hiyo kila muhula.

Lakini jawabu la hoja hizo halipatikani katika ukimya. Taharuki huletwa na uvumi, na uvumi huzaliwa pale ambapo wachache wanajua na wengi wanahisi. Mfagizi akimwona mkubwa anatoka mbio na mkoba wake bila kusema neno, habari itakuwa imefika ghorofa ya mwisho kabla gari halijawashwa, na itafika ikiwa imepotoka. Jawabu ni kuwa na mtu aliyeteuliwa mapema, kwa maandishi, mwenye madaraka kamili ya kuamua pale pale. Mtu huyo apime kitisho kilivyosemwa, aamue kama watu watoke wote au upande mmoja, au kama kwanza kila chumba kiangaliwe na wenyewe. Awe na wasaidizi wawili wa kushika nafasi yake asipokuwepo, ili jengo lisibaki hata saa moja bila mwenye madaraka hayo. Na akiwa na shaka, achague uhai. Saa mbili za kazi zilizopotea zinaweza kufidiwa Jumamosi, na mtihani ulioahirishwa unaweza kufanywa kesho. Ama mhuni aliyepiga simu ya uongo, dawa yake ni kutafutwa na kufikishwa mahakamani. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, na tangu Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, vyombo vya dola vina uwezo wa kufanya hivyo.

Sasa tuyaseme yanayompasa kila mfanyakazi, kwa sababu maonyo bila maelekezo ni kelele tu.

Anayepokea simu ya kitisho asikate, wala asigombane na mpigaji. Amwache aseme, kwa kuwa kila neno ni ushahidi. Achukue kalamu aandike maneno yale yale kama yalivyosemwa, bila kuyasahihisha. Aulize kwa sauti ya kawaida: bomu liko wapi? Litalipuka saa ngapi? Linafananaje? Limewekwa na nani, na kwa sababu gani? Wewe ni nani? Msomaji asidhani kwamba maswali haya ni ya kitoto, maana wako wapigaji waliojisahau na kuyajibu. Aangalie saa, aandike namba ikionekana, na asikilize sauti: ni ya mwanamume au mwanamke, ya mtu mzima au kijana, lafudhi yake ni ya wapi, kuna mlio wa gari, wa mashine, au wa watoto wa shule nyuma yake? Huku akiendelea kuzungumza, amwashirie mwenzake aliye karibu, ambaye atamwarifu yule mwenye madaraka na kuwapigia polisi kwa namba 112. Katika kila meza yenye simu pawepo karatasi moja yenye maswali hayo, maana mtu aliyeshtuka hakumbuki alichofundishwa mwaka jana.

Kitisho kikija kwa ujumbe wa simu, usifutwe, wala usisambazwe. Kikija kwa barua, karatasi ishikwe kwa uchache iwezekanavyo, iwekwe ndani ya bahasha nyingine na kukabidhiwa polisi. Kila mkono unaoipokea na kuipitisha unafuta alama ya mkono wa aliyeiandika.

Makarani wa masjala nao wakumbuke yaliyompata Mondlane. Kifurushi kisichotarajiwa, kisicho na jina la mpelekaji, kizito kuliko ukubwa wake, chenye stempu nyingi kupita kiasi, chenye madoa ya mafuta au waya unaochungulia, hakifunguliwi, hakitikiswi, wala hakitumbukizwi majini. Kiachwe kilipo, watu watoke chumbani, polisi waitwe. Kumwuliza mwenye jina lililoandikwa juu ya kifurushi kama anakitarajia ni kazi ya dakika moja.

Watu wakiamriwa kutoka, kila mmoja atupe macho katika chumba chake kabla ya kuondoka. Hakuna askari anayekijua chumba cha wahasibu kuliko wahasibu wenyewe. Wao ndio wanaojua kwamba sanduku lile chini ya kabati halikuwepo jana. Lakini macho yatazame, mikono isiguse. Kinachotiliwa shaka hakifunikwi, hakisogezwi, na simu za mkononi na redio za upepo hazitumiwi karibu nacho. Kila mtu achukue mkoba wake ulio karibu, ili wapekuzi wasikute mikoba 60 isiyo na wenyewe. Milango na madirisha yaachwe wazi, tofauti na wakati wa moto ambapo hufungwa. Lifti isitumiwe. Watembee, wasikimbie. Mlemavu, mjamzito, mzee na mgeni asiyeyajua mazingira wapangiwe watu wa kuwasaidia, na watu hao wajulikane kwa majina tangu mapema.

Jambo moja tunaliweka peke yake kwa sababu limegharimu macho ya watu wengi. Siku ile ya Nairobi, kabla ya mlipuko mkubwa, palisikika mlipuko mdogo wa guruneti. Wafanyakazi wa majengo ya jirani walisimama kutoka mezani wakaenda madirishani kuona kuna nini. Walikuwa wamesimama hapo, nyuso zao karibu na vioo, bomu lenyewe lilipolipuka. Wengi walipoteza maisha au macho kwa sababu ya vigae vya vioo. Kwa hiyo ukisikia mlio usioujua, usiende dirishani. Lala chini, ingia chini ya meza, jikinge nyuma ya ukuta imara. Udadisi ni tabia ya binadamu, lakini siku hiyo uzuiwe.

Mahali pa kukusanyika pachaguliwe leo. Pasiwe maegesho ya magari, maana gari ndilo lililobeba bomu Nairobi na Dar es Salaam. Pasiwe chini ya ghorofa lenye vioo. Polisi wa Uingereza, waliopata uzoefu wa miaka mingi wa mabomu mijini, huelekeza umbali usiopungua mita 100 kutoka kwenye mkoba au kifurushi, mita 200 kutoka kwenye gari dogo, na mita 400 kutoka kwenye lori. Nusu ya wafanyakazi wetu hukusanyika hatua 20 kutoka mlangoni ili wasikose kuona kinachoendelea. Huko si kukusanyika, ni kujipanga kupigwa. Wakishafika, majina yaitwe. Hakuna anayerudi kuchukua koti au chakula chake mpaka polisi watakaposema jengo ni salama.

Tunawageukia sasa ndugu zetu walimu, ambao mzigo wao ni mkubwa zaidi kwa kuwa wamepewa dhamana ya watoto. Watu wa mkoa huu hawajasahau Juni 1994, wakati wasichana zaidi ya 40 wa shule ya sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo, walipoteketea kwa moto bwenini usiku. Tangu hapo, mlango wa bweni na ufunguo wake si mambo ya kuachiwa kiranja peke yake. Mwalimu wa zamu ajue kila usiku funguo ziko wapi na ni nani wa kufungua. Njia itakayowaokoa watoto wakati wa kitisho cha bomu ndiyo itakayowaokoa wakati wa moto.

Shule nyingi za mkoa huu ziko juu mlimani, juu ya mgongo mmoja kati ya makorongo mawili, katikati ya migomba na kahawa, na barabara ni ile ile moja. Wakati wa masika, barabara hiyo ni utelezi. Shule ya namna hiyo, iwe ni ya Kibosho, ya Machame, ya Marangu au ya Rombo, isitegemee kwamba askari au gari la zimamoto litafika kwa dakika tano. Katika nusu saa ya kwanza walimu wenyewe ndio watakaokuwa polisi na zimamoto. Kwa hiyo wazijue njia za kuwatoa watoto, mahali tambarare pa kuwakusanya pasipo ukingo wa korongo, na kihamba cha jirani aliyekubali mapema kuwapokea. Barabara iachwe wazi kwa ajili ya magari ya msaada. Kitabu cha mahudhurio kitoke na mwalimu, kwa sababu ndicho kitakachosema kama mtoto mmoja amebaki nyuma. Na watoto wadogo wasitangaziwe neno bomu. Waambiwe tu watoke kwa mstari kama walivyofundishwa.

Hospitali nazo, kama KCMC na Mawenzi, zina hali yao ya pekee. Mgonjwa aliye chini ya kisu cha daktari hawezi kuambiwa atembee. Huko mpango ni wa kuwahamisha wagonjwa kutoka upande mmoja kwenda upande mwingine wa jengo, wodi kwa wodi, na kuamua mapema nani abaki na nani. Hayo hayawezi kubuniwa siku yenyewe.

Haya yote yanahitaji mazoezi. Lakini mazoezi nayo yana adabu yake. Tarehe 30 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore mjini Nairobi kilifanya zoezi la kujihami, likihusisha milio ya risasi. Watu wengi hawakujua kwamba ni zoezi. Waliruka madirishani. Mfanyakazi mmoja alikufa na makumi wakajeruhiwa. Zoezi lililokusudiwa kuokoa maisha likaua. Funzo lake ni kwamba mazoezi yatangazwe, yaanze kidogo kidogo, yafanywe kwa kutembea, na polisi pamoja na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji washirikishwe. Anayetaka kupima ushujaa wa wafanyakazi wake kwa kuwashtua hajui anachokifanya.

Kinyume chake, utulivu ulizaa matunda Mombasa. Tarehe 20 Desemba 2015, ndege ya Air France iliyotoka Mauritius ikielekea Paris ilitua kwa dharura usiku katika uwanja wa Moi baada ya kitu cha kutiliwa shaka kuonekana chooni. Abiria zaidi ya 450 walitolewa salama. Baadaye ilibainika kwamba kitu kile kilikuwa ni makaratasi, maboksi na saa ya jikoni. Je, rubani alijiaibisha? Hata kidogo. Alitenda wajibu wake, na hakuna aliyemlaumu. Mkuu wa ofisi anayeogopa kuchekwa kwa kuwatoa watu bure na aukumbuke usiku ule.

Tunapenda pia kuonya juu ya ubaya mmoja unaofuata nyuma ya vitisho hivi, nao ni kutafuta mchawi. Simu ikishapigwa, minong'ono huanza: ni yule wa dini ile, ni yule wa kabila lile, ni yule aliyekuja juzi na kanzu yake au na begi lake kubwa. Bomu la Nairobi liliua Wakristo na Waislamu bila kuwauliza dini zao. Mfanyakazi anayemtuhumu mwenzake kwa mavazi anamsaidia mhalifu kupata alichokitaka, yaani watu waliokuwa wamoja waanze kutazamana kwa jicho la pembeni. Tutazame vitu na vitendo: mkoba usio na mwenyewe, mtu anayepima milango, gari lililoachwa mahali pasipostahili. Na anayepokea uvumi katika simu yake ausimamishe hapo hapo. Kusambaza "nimetumiwa kama nilivyoipokea" si kutahadharisha watu.

Kwa upande wa viongozi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imempa mwajiri wajibu wa kuwalinda walio chini yake, na Serikali ni mwajiri kama waajiri wengine. Mkuu wa idara ambaye mlango wake wa nyuma umezibwa kwa makabati ya mafaili ya zamani, ambaye ufunguo wa mlango wa dharura umo katika droo ya mtu aliyestaafu, hawezi kujitetea kwamba fungu la fedha halikutosha. Kuondoa kabati hakuhitaji kasma. Kuandika majina matatu ya wenye madaraka ya kuwatoa watu na kuyabandika ukutani kunahitaji karatasi moja. Mji wetu una bahati ya kuwa na chuo cha polisi ndani yake. Wakuu wa ofisi na shule waombe wataalamu kwa barua rasmi waje kuzungumza na wafanyakazi, nasi tunaamini hawatakataa wito.

Wazee wa mlima huu waliishi katika zama za uvamizi. Huko Marangu na kwingineko walichimba mahandaki ardhini, wakatengeneza humo sehemu za watu na za mifugo, ili siku adui akija kina mama na watoto wawe na pa kwenda. Mahandaki hayo yapo mpaka leo na wageni hulipa fedha kuyaona. Hayakuchimbwa siku adui alipoonekana. Yalichimbwa wakati wa amani, kwa majembe ya mkono, na kila mtu wa ukoo alijua mlango uko wapi. Haikuwa siri ya mangi peke yake.

Basi tunatoa mwito kwa kila ofisi na kila shule ya mkoa huu, kabla mwezi huu haujaisha, ikutane kwa saa moja tu. Ijibu maswali manne: ni nani anayeamua, tunatokea wapi, tunakusanyika wapi, na nani anamsaidia nani? Majibu yaandikwe, yabandikwe, na tarishi ayajue sawasawa na mkurugenzi. Ofisi itakayoshindwa kuyajibu maswali hayo ijue kwamba maisha ya watu wake yamo mikononi mwa yeyote atakayeinua simu kesho asubuhi.